Mawe Kwenye Buti la Mwalimu

Gari la shule ya udereva lilikuwa linagonga. Si injini. Kila tukikata kona kitu kilikuwa kinagonga huko nyuma, mara moja, kinatulia, halafu mara mbili, kama mtu aliyefungiwa ndani na amechoka kuomba. Siku ya kwanza nilimuuliza mwalimu ni nini.

"Mawe," alisema. "Angalia mbele."

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri chuo, na nilitaka leseni kabla mwezi haujaisha. Mama anauza vitenge Mkuyuni na sisi tunakaa Kiseke, mji wote uko katikati. Baba mdogo alikuwa ameahidi kwamba nikipata leseni, asubuhi gari lake nitalitumia mimi kumpelekea mama mzigo. Kwa hiyo nilikuwa na haraka. Mwalimu yeye hakuwa na haraka na kitu chochote. Alikuwa mzee mwembamba, zamani aliendesha malori, na wiki nzima ya kwanza alituweka kwenye benchi mbele ya ubao wa alama za barabarani. Gari liko pale pale, tunaliangalia tu.

"Mwalimu, hizi alama nazijua. Tunaendesha lini?"

"Wewe ungekuwa rubani," akasema, "abiria wangepandia ndege hewani."

Benchi zima lilicheka. Nilichukia mpaka jioni.

Hata tulipoanza kuendesha, alikuwa na mambo yake. Kwanza, huingii kwenye gari mpaka umelizunguka lote na kugusa kila tairi. Pili, mawe. Huku kwetu ni vilima na miamba, na magari mengi breki ya mkono imekufa. Gari likisimama mlimani, mtu anaweka jiwe nyuma ya tairi. Likiondoka, jiwe linabaki barabarani. Kila mtu anafanya hivyo, hakuna anayeliona kama kosa. Ila mwalimu akiona jiwe lazima usimame: vioo, indiketa, pembeni, unashuka, unalibeba, unaliweka kwenye buti. Siku moja tulisimama mara tano kabla hatujafika hata sokoni.

"Si tulitupe tu pembeni?" nilisema.

"Pembeni yanarudi."

Alisema hivyo kama mtu anayezungumzia mbuzi. Sikumuuliza tena.

Jumapili moja baba mdogo aliniachia usukani tulipokuwa tunarudi nyumbani alasiri. Kwenye kona ya mlima wetu, pale barabara inapopita chini ya mwamba mkubwa, gari lilizima na likaanza kurudi nyuma. Baba mdogo alivuta breki ya mkono na wote wawili tunajua ni pambo tu.

"Kanyaga breki. Usiachie. Mimi nakuja hapo, wewe shuka uweke jiwe."

Tulibadilishana viti hivyo hivyo, mguu wake juu ya wangu. Mbele ya duka la kona kuna safu ya mawe yaliyopakwa chokaa. Niling'oa moja, zito, upande mmoja mweupe na mwingine bado una udongo, nikaliweka nyuma ya tairi. Baba mdogo akawasha, gari likapanda, akanisubiri kwenye tambarare kule juu. Nilipanda kwa miguu, jasho linatoka, hasira zimenijaa kwa sababu nilijua sasa hatanirudishia usukani.

"Umetoa jiwe?" akauliza.

"Nimetoa."

Sikuwa nimelitoa. Kulikuwa na hatua thelathini kurudi chini, nikaona uvivu. Ni hivyo tu, hakuna sababu nyingine.

Kesho yake dada yangu aliondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, kama kawaida. Anafanya kazi kiwanda cha samaki, na bodaboda humfuata mlangoni. Nilikuwa bado kitandani. Niliisikia pikipiki ikiteremka, mlio unapungua, unapungua, halafu ukakatika ghafla kama mtu amefunga mlango. Labda ni mwamba tu, huwa unaziba sauti. Lakini hapo hapo ndipo nilipolikumbuka jiwe.

Nilipapasa gizani mpaka nikapata kanga na ndala, nikatoka. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka ziwani na wale wadudu wa ziwani, wadogo, wanaokuja kama moshi, walikuwa hewani kila mahali. Waliniingia puani na mdomoni. Nilikuwa nampigia dada huku nakimbia. Simu haipatikani. Nilifika kwenye kona na jiwe halikuwepo.

Niliangalia kote. Mbele ya duka safu ya mawe ilikuwa na pengo, kama fizi iliyong'olewa jino, kwa hiyo hakuna aliyelirudisha. Barabarani kulikuwa na mstari mweusi wa tairi na kipande cha plastiki ya rangi ya chungwa, ile ya kwenye indiketa. Hakuna pikipiki. Hakuna mtu. Hata jogoo sikumsikia. Nilisimama na kile kipande mkononi, na wadudu wakawa wananitua mikononi kimya kimya.

Ndipo nikasikia kugonga. Mara moja. Halafu mara mbili. Taa zikatokea kwenye ukungu, mwalimu anakuja kunichukua kwa somo la asubuhi.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mbona uko huku chini? Kwenu si juu?"

"Mwalimu, naomba tuende kiwanda cha samaki. Sasa hivi."

Nilishika mlango wa dereva.

"Zunguka kwanza," akasema.

Nilitaka kulia. Nilizunguka. Buti lake halifungi vizuri, limefungwa kwa mpira, na kwenye ule mwanya niliona weupe. Nikafungua. Jiwe langu lilikuwa juu ya mengine yote, upande wa chokaa ukiniangalia, na kwenye chokaa kulikuwa na alama nyeusi ya tairi.

"Umelitoa wapi hili?"

"Hapa hapa, sasa hivi, nilipokuwa nashuka kumchukua mwenzako, ambaye nimemkosa. Nilikuta pikipiki imelala na mtu amekaa pembeni, anashika goti. Nikasimama, nikalibeba jiwe, nikaliweka kwenye buti. Nageuka, hayupo. Wala pikipiki."

"Alikuwa mwanamke?"

"Alivaa kofia ngumu. Na ukungu huu." Akaniangalia. "La kwako?"

"La kwangu."

Akaingia upande wa pili, ule wenye breki yake. Niliendesha mimi. Nilikanyaga mafuta, akakanyaga breki. Nikakanyaga tena, akakanyaga tena. "Thelathini," alisema. "Huwezi kumwahi mtu kwa kumgonga mwingine." Waipa ilikuwa inawapaka wadudu kioo kizima, naona njia kwa tundu ukubwa wa sahani. Nyuma yangu mawe yanagonga. Kila kona niliweza kulitofautisha la kwangu na mengine, lina sauti nzito. Sijui kama hilo linawezekana, lakini niliweza.

Getini mlinzi alikwenda kumwita. Tulisubiri. Dada alitoka na gambuti nyeupe na kofia ya plastiki, amekunja uso.

"Kuna nini? Nani amekufa?"

"Nimekupigia, hupatikani," nilisema.

"Simu imeisha chaji. Ungeniambia umekuja kunionyesha unavyoendesha, ningevaa vizuri." Akachungulia ndani. "Shikamoo mwalimu. Mwambieni huyu awe makini na kona yetu. Leo kuna mjinga ameacha jiwe katikati, boda wangu amelikwepa kwa shida. Wa nyuma yetu sijui kama ameliona."

"Marahaba," alisema mwalimu.

Wa nyuma yao sijui na mimi. Niliuliza dukani, nikauliza kijiwe cha bodaboda pale juu. Hakuna aliyeanguka, hakuna anayemjua aliyeanguka. Kile kipande cha chungwa ninacho. Kwa muda mrefu nilikuwa naangalia magoti ya watu.

Mwalimu alinisainia fomu mwishoni mwa mwezi, bila mimi kuomba. Nilipoomba nirudishiwe jiwe, nilipeleke dukani kwenye pengo lake, alikataa. Alisema kwenye buti kuna moja ambalo ni lake mwenyewe, la tangu hajaota ndevu, na hajalitoa.

Sasa nina leseni na asubuhi nampeleka mama Mkuyuni. Kwenye ile kona nasimama. Vioo, indiketa, pembeni, nashuka, naangalia barabara nzima mpaka chini ya gari. Mama anakaa na vitenge vyake mapajani, anasubiri.

"Kila siku," aliniambia juzi. "Umeangusha nini hapo?"

Nikamwambia naangalia tu. Gari la baba mdogo buti lake ni tupu, nalikagua kila asubuhi. Lakini tukikata ile kona, linagonga.