Sanda ya Mfaume Kondo

Mimi ni mmoja wa watu waliokula pilau ya hitima ya Mfaume Kondo, na tangu arudi vitani hajaacha kunikumbusha. Akija mgeni barazani, humwambia kwamba mimi Mwinjuma nilimlilia huku vidole vinang'aa mafuta. Si kweli. Nililia kwanza, nikala baadaye. Lakini kubishana na mtu uliyekwisha kumzika ni kazi ngumu, kwa hiyo naandika ilivyokuwa.

Mfaume alikuwa fundi wa kuezeka makuti hapa Temeke. Alipochukuliwa kuingia Keya, jeshi la Mwingereza, kwenda kupigana na Wajapani huko Burma, mama yake, Bi Mwanaasha, hakuwaogopa Wajapani hata kidogo. Alichoogopa ni maziko. Kuna mtu alimwambia kwamba jeshini askari huzikwa na blanketi lake alilolalia. Basi akanunua bafta nyeupe, akaikata sanda kwa mkono wake, akairashia maji ya Zamzam aliyopewa na haji mmoja, akaifukiza udi na kuiweka chini kabisa kwenye sanduku la mwanawe. Mfaume aliona haya, lakini nani angembishia Bi Mwanaasha?

Vita vikaisha. Siku moja mwaka 1946 tulirudi kutoka harusini Mbagala tukalikuta sanduku la Mfaume mlangoni, limeandikwa jina lake kwa rangi nyeupe, mwenyewe hayupo. Baadaye sana tulijua kwamba alilileta askari mwenzake, Anselmo, aliyekuwa anawahi gari moshi la kwenda kwao bara, akakosa mtu wa kumwachia maneno. Siku ile hatukujua lolote. Bi Mwanaasha alilifungua, akatoa mashati, kopo la chai, picha ya meli. Akafika chini. Sanda haikuwepo.

Akakaa kitako, akasema, "Imetumika."

Hakuna aliyepinga. Sanda ni kitu cha kazi moja. Mimi, kwa kuwa ni karani wa ghala Kurasini na huonekana mtu wa kujua mambo, nilitumwa mjini kuuliza. Nikaambiwa nirudi wiki ijayo, na pilau ilikuwa Ijumaa. Mwalimu Jabiri wa chuo cha Kurani akasoma hitima, na Mwajabu, mkewe Mfaume, akaingia eda ya miezi minne na siku kumi.

Miezi minne na siku moja ikapita, Mfaume akatokea njiani, mchana kweupe, na mabuti yake, anaimba. Alikuwa ameugua matubwitubwi, akaikosa meli iliyobeba sanduku lake, akangoja nyingine hadi akachoka. Watoto walikimbia. Mimi pia nilikimbia, sioni haja ya kuficha.

Bi Mwanaasha hakukimbia. Alisimama mlangoni akamtazama miguu, maana jini hana miguu ya mtu. Akamwamuru avue mabuti. Mfaume akavua, na miguu iliyotoka humo, baada ya mvua zote zile za Burma, ilikuwa imechubuka na kubabuka hata haikumsaidia. Kisha mama akamwuliza jambo moja tu: sanda iko wapi?

Mfaume akasema imechukuliwa na mto.

Alasiri Mwalimu Jabiri alimwuliza kwa upole, akamjibu kwamba ililiwa na mchwa. Jioni, akiwa kwangu, aliniambia aliibadilisha kwa bata. Sasa, Temeke maneno matatu hayalali nyumba tatu. Kulipokucha yote yalikuwa kwa Bi Mwanaasha.

"Mwanangu alikuwa mwongo," alisema, "lakini mwongo wa neno moja. Mwenye maneno matatu mie simjui."

Akaufunga mlango. Mwalimu Jabiri, aliyeona aibu kwa ile hitima, alisema ndoa ya mtu aliye hai ingalipo, ila kumtambua mtoto ni kazi ya mama. Mambo yakawa mabaya. Mwajabu alibakiza siku tisa za eda, na zikiisha kaka zake wangekuja kumrudisha kwao Kisarawe, ambako mwenye duka mmoja alikwisha kuulizia habari zake. Mfaume akawa analala kwangu, anakula kwangu, na mchana anakaa nje ya nyumba yake mwenyewe kama mtu aliyekuja kuuza kuku. Alikonda. Nilimhurumia, ingawa wali wangu aliula vizuri.

Siku ya nane asubuhi alikwenda akaketi chini mbele ya mlango. Bi Mwanaasha alitoka na kigoda chake, akakaa. Mimi na Mwalimu tulisimama pembeni.

"Nilimpa Revelian, mama," alisema Mfaume.

Akaeleza. Revelian alikuwa Mhaya wa Bukoba. Walichimba handaki pamoja, wakalala pamoja, na kila siku Revelian alimtania kuhusu ile sanda, kwamba Mzaramo amekuja vitani na nguo ya kutokea. Akapigwa risasi wakati wa mvua. Mablanketi yote yalikuwa kwa majeruhi.

"Sikuweza kumfukia vile, kama mbegu ya muhindi. Nikamvisha, nikafunga mafundo kama tunavyofunga sie." Akatazama mchanga. "Mkristo, mama. Nimemvisha Zamzam yako. Ndiyo maana nilisema mto."

Bi Mwanaasha alisogeza kigoda chake karibu.

"Alikuwa mrefu?" aliuliza.

"Mrefu kunishinda."

"Ilimfika miguuni?"

"Ilimfika. Uliikata ndefu."

Mama akafuta uso kwa ncha ya kanga. Nami nilifuta wangu, na safari hii mikono ilikuwa safi. Kisha akageuza shingo, akamwambia Mwajabu avue zile nguo za eda, mumewe amerudi.

Mlango ulifunguka kabla hajamaliza. Mwajabu alikuwa nyuma ya huo mlango siku zote, na maji ya kuoga yalikuwa tayari. Alisema alimjua Mfaume tangu siku ya kwanza kwa kikohozi chake, ila hakuna aliyemwuliza mwenye eda.

Bi Mwanaasha hakumsikiliza. Aliniambia nilete kalamu.

"Mama yake huko Bukoba anajua mwanawe alizikwa na nini?"

Mfaume akasema hajui. Basi nikaandika, Bi Mwanaasha akisema polepole: kwamba Revelian hakuzikwa na blanketi, bali na bafta nzuri, mpya, aliyoichagua mama mtu kwa mkono wake, na kwamba ilimfika miguuni.

Kisha akaongeza kwamba hitima yake pia imekwisha kusomwa, hapa Temeke, Ijumaa, watu wengi walikuja. Mwalimu Jabiri akakohoa. Bi Mwanaasha akamtazama, naye akaacha kukohoa.

"Andika kwamba walimlilia," alisema. "Na kwamba walikula wakashiba."

Mfaume, aliyekuwa nyuma ya bega langu na maji ya kuoga yanapoa, akaniambia niandike na sahani zangu mbili za pilau. Nikaziandika.