Njia Zilizopinda Kichwani mwa Mama Mkwe

Mtaani walimwita Kicheko, na aliyempa jina hilo hakukosea. Alikuwa msusi, na kibanda chake kilijaa wateja hata siku ambazo wasusi wengine walikaa mlangoni wakihesabu nzi. Mikono yake ilikuwa myepesi na njia alizochora kichwani zilinyooka bila kupigwa rula, lakini kusema kweli wengi walifuata mdomo. Kusukwa ni kazi ya nusu siku, na nusu siku bila maneno ni kifungo. Kwa Kicheko mtu aliingia na kichwa kinamwasha, akatoka mbavu zinamuuma kwa kucheka.

Kibanda chenyewe hakikuwa na la kujivunia. Kioo kilichopasuka pembe moja, benchi la wanaosubiri, kigoda cha msusi, na mto mnene sakafuni. Mteja alikaa juu ya mto, mabega yake katikati ya magoti ya msusi, uso ukitazama mlangoni. Kwa hiyo waliongea mchana kutwa bila kuonana uso. Wanawake walioshindwa kusema jambo kwa dada zao walilisema pale, wakitazama nje, huku kisogo kikivutwa. Kicheko alisikia siri za mtaa mzima kwa njia hiyo. Zake aliziwekea vichekesho juu.

Hadithi iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya kuzaliwa kwa mtoto wake wa pili. Wa kwanza, binti, alimsumbua vibaya: uchungu wa siku mbili, mtoto hashuki, mwisho akakimbizwa chumba cha upasuaji wakati yeye mwenyewe hajui tena kama ni asubuhi au jioni. Hiyo hakuisimulia. Wa pili, mvulana, alizaliwa kwa njia ya kawaida katika kituo kingine cha afya, na hapo ndipo penye kichekesho. Mtoto alitoa kichwa, mabega yakakwama, manesi wakaanza kukimbizana. Katikati ya vurugu zile Kicheko akamtazama nesi aliyemwinamia, akasema kwa sauti, "Dada, aliyekusuka alikuwa amefumba macho? Ukimaliza na mimi pita kibandani nikurekebishe."

Mama mkwe wake alikuwa nje ya mlango. Aliyasikia yale, akacheka mpaka akakaa chini, na kabla ya jua kukolea mtaa ulikuwa umeshajua kuwa kuna mwanamke amezaa huku akimkosoa nesi nywele. Tangu hapo, kila aliyekaa kwenye mto alisema, "Hebu tupe ile ya nesi." Na Kicheko aliitoa, kila mara na chumvi mpya.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Kicheko akashika mimba ya tatu.

Daktari wa kliniki alikuwa mama mmoja mtaratibu, miwani imemshuka puani. Alimpima, akamweleza kwa lugha nyepesi kwamba njia zote mbili zinawezekana. Anaweza kujaribu kujifungua kwa kawaida, au wakapanga mapema siku ya upasuaji, damu ikiwa tayari na haraka haipo. Kila njia ina hatari yake. "Lile kovu la kwanza ni la kuangalia," alisema, "lakini baada yake ulizaa kwa kawaida, na hiyo ni dalili nzuri. Ila ya pili hukuzalia hapa. Hebu niambie, ilikuwaje?"

Hapa sasa. Mtu ameulizwa swali ambalo maisha yake yameliegemea, na aliyemuuliza anangoja. Kicheko alifungua mdomo aseme. Kilichotoka ni nywele za nesi.

Alizoea mno. Ulimi ulishajua njia, ukaenda wenyewe kama punda anayerudi zizini. Akaigiza sauti ya nesi, akaigiza wanavyokimbizana, na daktari akacheka mpaka akavua miwani kufuta macho. "Basi mama, kwa moyo huo mimi sina wasiwasi sana," akasema. "Naona tujaribu kawaida. Lakini uamuzi ni wako. Kafikirie, wiki ijayo uje na jibu."

Kicheko alitoka akitabasamu, akafika nyuma ya jengo la kliniki, akashika ukuta na kutapika. Haikuwa mimba. Ilikuwa hofu.

Nyumbani hakupata pa kuitua. Mama mkwe alikuwa amekuja kumsaidia, mwanamke wa watu, mchapakazi, mwenye watoto sita aliowazaa wote bila kisu na asiyeacha kulitaja hilo. "Upasuaji wa nini?" alisema huku akipepeta mchele. "Wewe? Wewe uliyezaa ukimsema mtu nywele? Kisu waachie walegevu, mwanangu." Alisema kwa mapenzi, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kumjibu.

Mumewe alikuwa fundi viatu. Siku nzima alibana misumari midogo kati ya midomo, na labda kwa sababu hiyo kuongea alikuona ni usumbufu. Kicheko alipomuuliza anaonaje, alitoa misumari, akasema, "Wewe huna shida," akairudisha.

Basi Kicheko akawa anafanya jambo moja ambalo hata yeye hakulielewa. Kila asubuhi alimkalisha binti yake na kumsuka upya, nywele ambazo jana tu zilikuwa zimesukwa vizuri. Binti akilalamika kichwa kinauma, mama anamwambia tulia, anaendelea. Mwishowe akaanza kumfundisha mtoto ajisuke mwenyewe mbele ya kioo, vidole vyake vidogo vikipotea nyuma ya kisogo. Mama mkwe aliona, akadhani ni mambo ya kurithisha kazi.

Siku moja kabla ya kurudi kliniki, mama mkwe alitangaza kwamba atamsindikiza, na kwamba yeye haendi mbele ya daktari na kichwa kama kiota. Akakaa kwenye mto. Kibanda kilikuwa kitupu, mvua ilikuwa imewafungia wateja majumbani. Kicheko akachukua kitana, akapasua njia ya kwanza katikati ya utosi, ikanyooka sawasawa, akaanza kusuka upande wa kushoto.

"Tupe ile ya nesi," alisema mama mkwe, akijiweka vizuri.

Kicheko alianza, kama siku zote. Mabega yakakwama. Manesi wakakimbizana. Akafika pale pa kuchekesha, akamaliza upande wa kushoto, na mama mkwe akacheka vilevile kama siku ya kwanza. Kisha Kicheko akahamia upande wa kulia, na labda kwa kuwa mvua ilikuwa inapiga bati, labda kwa kuwa hakuwa anatazamwa na mtu, akasema, "Mama, unajua kwa nini nilimsema yule nesi nywele?"

"Si ndiyo kawaida yako."

"Nilikuwa sioni kitu kingine. Kila kitu kilikuwa kinazima, mama, kama taa inayoishiwa mafuta. Nilikuwa naona njia za kichwani kwake tu, kwa kuwa aliniinamia. Nikasema nikizishika hizo kwa macho sitaondoka. Ndipo nikasema yale."

Kicheko akaendelea kusuka.

"Wewe ulicheka, nikakusikia. Baada ya hapo sikusikia tena. Mtoto alipotoka damu ikaja, haikatiki. Ilikuwa ya moto, mgongoni mpaka visigino. Nesi mmoja alinikandamiza tumbo akiwa analia, alidhani sioni. Na mimi sikuwa nafikiria kufa, mama. Nilikuwa nafikiria nani atamsuka binti yangu. Baba yake hata kuchana hajui. Nilimwona anakwenda shule nywele timutimu, watu wanasema huyu mama yake alikuwa msusi."

Vidole vilikuwa vinavuta. Vilivuta kwa nguvu ambayo ingemfanya mteja yeyote apige kelele, lakini mama mkwe alishika magoti yake mwenyewe, akatulia, machozi yakimtoka kimyakimya, na si kwa kichwa peke yake.

"Siwezi kurudia ile, mama," alisema Kicheko. "Najua utaniona mlegevu. Nataka wanipasue, damu ikiwa imeshawekwa pembeni. Naogopa. Nimeogopa tangu siku niliyojua nina mimba."

Mvua iliendelea. Mama mkwe akasema taratibu, "Mimi nilicheka kwa sababu nilikuwa natetemeka. Nilikuona umeingia mzima, nikasikia wanakimbia, nikajua nimekupoteza. Uliposema yale nikasema kumbe yupo. Nikashikilia hapo hapo, sikutaka kujua zaidi." Akafuta uso kwa kanga. "Mficha uchi hazai, mwanangu. Na mimi nimekusaidia kuuficha."

Akamwita mwanawe kutoka kwenye kibaraza chake cha viatu. "Njoo hapa. Na utoe misumari mdomoni."

Fundi viatu alikuja, akasimama mlangoni, akasikiliza yote bila kukatiza. Alipoambiwa sasa aseme, alitazama chini. "Siku ile walinipa ndala zako kwenye mfuko," alisema. "Nesi alinipa tu, akaondoka. Nilikaa nazo. Sikuuliza, niliogopa jibu. Halafu ukatoka ukaanza kuchekesha watu. Nikafikiri wewe umesahau, nikajikaza na mimi nisahau." Yalikuwa mengi kuliko maneno yake ya mwezi mzima, na Kicheko alilia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu harusi.

Kicheko alipomaliza kusuka wakatazama kwenye kioo. Upande wa kushoto ulikuwa kazi ya Kicheko. Upande wa kulia njia zilianza vizuri, kisha zikayumba, zikasogeleana, na juu ya sikio zikapinda kabisa. Msusi alishika mdomo kwa aibu. "Nikufumue, mama, nianze upya."

"Acha."

"Watu watasema umesukwa na mlevi."

"Waseme. Kesho nakwenda hivi hivi."

Na kweli alikwenda hivyo, mtaa mzima ukimtazama. Daktari aliwapokea kwa tabasamu, akakumbuka kichekesho. "Haya, mama wa nesi, tumeamuaje?"

Usidhani mtu akilia mara moja basi amepona. Kicheko aliketi, uso kwa uso na daktari, na uso ule ukamrudisha alikotoka. "Nimeamua daktari, ila uniwekee nesi aliyesukwa vizuri," akaanza, na daktari akaanza kucheka, na Kicheko akahisi ulimi unaingia njia yake ile ile.

Mama mkwe alifungua kilemba. Aliinamisha kichwa mezani, mbele ya miwani ya daktari, mwanamke mzima na mvi zake. "Daktari, tazama hapa. Huyu ni msusi bora mtaani kwetu, muulize yeyote." Akaweka kidole upande wa kushoto. "Hapa alikuwa ananichekesha." Akakivusha kulia, taratibu, mpaka juu ya sikio. "Na hapa ndipo alipofika kwenye damu."

Daktari aliacha kucheka. Alitazama zile njia kwa muda, akaweka kalamu, akavuta kiti kutoka nyuma ya meza mpaka kando ya Kicheko, wakawa wote wanatazama ukutani. "Nieleze tena," alisema. "Polepole. Sina haraka."

Akaeleza. Hakuna aliyecheka.

Upasuaji ulipangwa, na damu ikawekwa tayari. Asubuhi yenyewe walipokuwa wanamsukuma kwenye kitanda cha magurudumu, mama mkwe alitembea naye mpaka mlango ambao hakuruhusiwa kuuvuka. "Unaogopa?" alimuuliza.

"Sana, mama."

"Na mimi pia. Niko hapa hapa."

Alikaa kwenye benchi na mwanawe, safari hii bila kutega sikio wala kucheka, mpaka nesi alipotoka na kichanga cha kike kinacholia kwa hasira, akasema mama yake ni mzima na damu ya akiba haijaguswa. Walipomrudisha wodini Kicheko alikuwa mnyonge, midomo imekauka, lakini macho yake yalikwenda moja kwa moja kichwani mwa mama mkwe.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "kichwa hicho kinaniaibisha. Bado hujakifumua?"

Mama mkwe alimfunika miguu vizuri. "Nani anifumue?" alisema. "Nakusubiri wewe."