Kisanduku cha Jumla

Ukitaka kuniudhi, niambie kwamba mtoto wa miaka mitano hakumbuki kitu. Mimi nakumbuka usingizi. Nakumbuka usingizi wa mchana nyumbani kwa Ghati, kijijini kwetu Nyanungu: ngozi za ng'ombe zimetandikwa sakafuni, harufu ya uji wa wimbi uliopoa, na jua la saa saba likipenya kwenye nyasi za paa na kututua usoni vipande vipande. Mtu alikuwa anakohoa mbali sana, ng'ambo ya dunia. Kumbe ni Mzee Nyangwine, mume wa Ghati, yuko hapo nje tu anachonga mpini.

Mwaka ulikuwa 1977. Miaka mitatu kabla, Operesheni Vijiji ilikuwa imetushusha wote kutoka mlimani, tukapangwa bondeni kwa mistari. Wazazi walishinda kwenye shamba la kijiji, na sisi tusiofikia umri wa shule tulishinda kwa Ghati. Hakuna aliyemteua. Watoto tulimfuata kwa sababu ya chungu chake kikubwa, naye hakutufukuza, basi ikawa kazi.

Jioni, kabla hatujachukuliwa, alifanya jambo ambalo sijaona mlezi mwingine akilifanya. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, akafumba macho, akaanza kupita njia ya zamani, ile ya mlimani, nyumba kwa nyumba kama zilivyokuwa kabla ya kuhamishwa.

"Kwa Machage, penye mwamba: Waitara."

"Nipo!"

"Kwa Agustina, penye migomba: Nyangi na mdogo wake."

Mwenye haya, au aliyekuwa bado na usingizi, wenzake tulimwitikia: "Yupo!" Safari ilishuka hivyo polepole mpaka nyumba ya mwisho. "Kwa Nashoni, kijitoni: Felista." Nashoni ni baba yangu, na Felista ni mimi. Nyumba ile ya kijitoni ilikuwa imekwisha kuwa majani matupu, lakini kila jioni nikiitwa niliiona imesimama tena, moshi unatoka, na marehemu bibi yangu anapepeta wimbi kando ya kihenge. Akipepeta, alizoea kunilaza ndani ya kihenge hicho kikiwa kitupu, maana mna ubaridi. Nilikuwa natembelea nyumbani kila siku bila kuinua mguu.

Nyumba ya juu kabisa mlimani ilikuwa ya Ghati mwenyewe, ila hiyo aliiruka. Alianzia ya pili. Watoto wake walikwisha kuwa wakubwa, tukaona ndiyo sababu.

Kuhesabu hakuhesabu kamwe. Hili lilikuwa jambo lake zito, na alinieleza mwenyewe nilipokuwa mtu mzima na watoto wangu. Kwao, mtoto wa mtu hahesabiwi kwa kidole, maana kifo hutega sikio. Unaita majina, basi. Mwaka wa sensa, 1967, karani alikuja na kalamu, akauliza watoto wangapi. Ghati alikuwa kijana, hakutaka kuonekana mshamba, akajibu kwa sauti: "Wanne." Karani akaandika. Kabla wimbi halijavunwa, surua ikamchukua kitinda mimba wake, Robi, wa miaka mitatu. Najua, surua ni surua. Mimi ni muuguzi, hamna haja ya kunifundisha. Lakini mwanamke yule alibaki anaisikia sauti yake mwenyewe ikisema "wanne", na hakuna sindano ya kutibu hilo.

Sasa ikaja barua kutoka wilayani. Vituo vya kulelea watoto mchana viwe na walezi wenye cheti kabla ya mavuno. Kituo kisicho na mwenye cheti kitaletewa mlezi kutoka mjini, na aliyekuwepo ataingia kikosi cha jembe. Kamati ya kijiji ilikaa na kuamua Ghati akiwa kisimani. Mwenyekiti Machage alipoulizwa mbona mwenyewe hakuitwa, alisema, "Asiyekuwepo na lake halipo." Hapo alijiona msemaji.

"Jembe sikuliogopa," Ghati aliniambia. "Niliogopa jioni. Huyo wa mjini angepita njia gani?"

Basi akarudi chuo. Nasema akarudi, kwa sababu alikwisha kuwa chuoni. Akiwa na miaka kumi na sita, masista walimchukua kumfundisha kushona na kulea watoto. Nusu mwaka tu, ng'ombe wa mahari wakaja kwao, baba yake akaenda kumtoa. Kitambaa alichokuwa anadarizi alikiacha juu ya meza, sindano ikiwa bado ndani. Miaka ishirini na sita baadaye, mwanamke mzima, anapanda lori la ushirika kwenda Tarime mjini, daftari limefungwa kwenye kanga pamoja na viazi vya kuchemsha.

Ilikuwa wiki mbili chuoni, wiki mbili nyumbani. Akiwa hayupo, uji ulipikwa na wifi yake, na sisi tulilindwa na Mzee Nyangwine. Wanaume wenzake walimcheka mpaka wakashika mbavu. "Mura, mwanamume wewe, siku hizi unanyonyesha?" Naye aliwajibu, "Nachunga ndama. Nyie kachungeni midomo yenu." Na kweli alituchunga kama ndama. Jioni alisimama mlangoni na fimbo, akatutoa mmoja mmoja, akitutambua kwa rangi ya nguo. Siku mama yake alipombadilishia Waitara shati, Waitara alizuiwa ndani kama ng'ombe wa wizi.

Mwalimu wa chuoni aliitwa Sabaha, binti wa wafanyabiashara Waislamu wa Mugumu, umri wake sawa na bintiye Ghati. Asubuhi aliingia darasani na kuinamisha kichwa: "Shikamooni, mama zangu." Wakimaliza kuitikia marahaba, anagawa sifuri. Ghati alimpenda hivyo hivyo. Alipenda na kila kitu kule: harufu ya chaki, wanasesere wa magunzi, nyimbo za kunawa mikono, dirisha lenye mwanga ambapo alikaa akasahau kwamba ana miguu inayouma. Alisema ilikuwa sawa na kuamshwa katikati ya ndoto nzuri ukiwa msichana, halafu ukaruhusiwa kulala tena na ndoto ikaendelea pale pale.

Kilichomsumbua ni kisanduku. Kila ukurasa wa rejesta ya mahudhurio, chini kulia, kulikuwa na kisanduku kimeandikwa JUMLA. Majina aliyapanga vizuri, alama aliziweka, kisanduku akakiacha cheupe.

"Mama, hapa watoto ni wangapi?" Mwalimu Sabaha aliuliza.

"Wapo wote, mwalimu."

"Wote ni wangapi?"

"Ni wale wale."

Darasa zima lilicheka, na Ghati alipata sifuri. Akapata tena, na tena. Mwisho Mwalimu Sabaha alimwita pembeni, na hakuwa anacheka.

"Mama, mengine yote unawapita. Nitakuja kukupima nyumbani kwako, siku nzima. Rejesta itakwenda wilayani, na wao hawakujui. Kisanduku kikiwa kitupu, cheti hakuna. Nisamehe, mama."

"Nimesikia, mwanangu," Ghati alijibu.

Siku ya kupimwa, ukungu ulichelewa kuondoka bondeni. Mwalimu Sabaha alitokea ndani yake taratibu, kwanza mtandio, halafu uso, halafu viatu vyenye matope. Asubuhi Ghati alipita njia yake macho yamefumbwa, nasi tukaitika. Mwalimu akatuhesabu kwa kidole: "...ishirini na mbili, ishirini na tatu." Kidole kiliponifikia, nilifunika kichwa kwa mikono. Ghati aligeukia ukutani. Kisanduku akasema atakijaza jioni.

Tulicheza na magunzi, tukanywa uji, tukalala. Na hapa ndipo mimi nilipoharibu siku ya watu. Niliamka peke yangu, au niseme nusu yangu iliamka. Wengine wote walikuwa wanahema pamoja. Nikatoka nje, nikaona kihenge cha Mzee Nyangwine kimeanikwa, paa lake limeinuliwa kwa fito, na ngazi ndogo iko kando. Kichwani mwangu ile ilikuwa kijitoni, na bibi alikuwa hapo nyuma anapepeta. Nilisikia kabisa wimbi likianguka kwenye ungo. Nikapanda, nikaingia. Mna giza, mna ubaridi, mnanukia mavuno ya mwaka jana. Nikalala usingizi ambao sijawahi kuupata tena hadi leo.

Saa kumi Mzee Nyangwine alikuja kukifukiza kihenge, kufukuza wadudu kabla ya wimbi jipya kuingia. Hakuchungulia. Aliondoa fito, paa likashuka, akaweka chini yake kigae chenye makaa na samadi kavu. Moshi ukaanza kupanda kupitia kwenye fito za sakafu.

Wakati huo ndani ya nyumba Mwalimu Sabaha alikuwa anahesabu mara ya pili. "Ishirini na tatu. Wametimia, mama. Sasa andika."

"Ngoja nipite kwanza," Ghati alisema, akafumba macho.

"Mama, nimekwisha kuhesabu. Wametimia."

"Kwa Machage, penye mwamba: Waitara."

"Nipo!"

Mwalimu aliguna, akaacha. Sauti ikashuka mlimani nyumba kwa nyumba, bila haraka, mpaka bondeni. "Kwa Nashoni, kijitoni: Felista."

Kimya.

Wenzangu walitazamana. Hata wa kuniitikia "yupo" hakupatikana, kwa sababu watoto wale hawakuwa waongo.

"Kwa Nashoni hakuna mtu," Ghati alisema, akafumbua macho.

"Lakini wametimia!" Mwalimu alianza kuhesabu tena. Ghati alikwisha kumwona mtoto aliyezidi, mpwa wa Agustina, amekuja na mama yake kutoka Sirari mchana ule na kufuata harufu ya uji. Hesabu ilikuwa sahihi. Mtoto ndiye hakuwa mwenyewe.

Wengine wangekimbilia mtoni. Ghati alisema alisimama tu pale mlangoni, bado yuko njiani kichwani mwake, bado amesimama kwenye nyumba ya kijitoni, akamwona bibi yangu, na kando ya bibi akaona kihenge. Ndipo akaona moshi wa kweli uani. Alipiga yowe lililomwangusha Mzee Nyangwine na kigoda chake, akakitupa kigae kwa mkono mtupu, akasukuma paa kwa bega. Mimi nakumbuka mwanga tu, na uso wake juu yangu, na kwamba nilimkasirikia kwa kuniamsha. Kisha nikakohoa mpaka nikatapika uji wote. Makovu ya vidole vyake niliyashika mara nyingi baadaye.

Mzee Nyangwine alikaa chini akalia waziwazi, mbele ya wanawake. Hakuna aliyemtania kwa hilo hata siku moja.

Mwalimu Sabaha aliupoza mkono wa Ghati ndani ya ndoo ya maji. Alilia na yeye, halafu akajifuta kwa mtandio na kuivuta rejesta.

"Mama, nitaandika mimi hiyo jumla. Wewe geuka ukutani."

Ghati alitikisa kichwa. "Ukiandika wewe, bado wamehesabiwa."

"Basi utakosa cheti, mama! Watamleta mwingine. Na huyo mwingine leo angesema wametimia, kama nilivyosema mimi."

Mama wa Sirari alikwisha kumchukua mwanawe. Jua lilikuwa linaegemea mlima, na mlima ulikuwa na rangi ya majivu ya moto. Ghati alinipakata mimi, akatwambia wote tukae tena.

"Nitapita upya," alisema.

Akafumba macho. Tulimsubiri aseme kwa Machage, na Waitara alikwisha kufungua mdomo. Lakini Ghati alipanda zaidi. Tulimwona anapanda, kifua kinakwenda juu na chini.

"Kwa Nyangwine," alisema, "juu kabisa, penye upepo."

Nje, mzee aliacha kukohoa.

"Robi."

Sisi hatukumjua Robi. Tulisubiri aseme "Nipo", naye hakusema. Tukaona huyu ana haya, au usingizi haujamwisha. Basi tukamwitikia, wote kwa pamoja, kwa sauti kubwa ya watoto waliokunywa uji:

"Yupo!"

Machozi yalimtoka Ghati chini ya kope zilizofumbwa. Akaendelea kwa Machage, kwa Agustina, akashuka mpaka kijitoni, na mimi nikaitika nikiwa mapajani mwake. Kisha akachukua kalamu kwa mkono usioungua. Mstari wa kwanza wa rejesta, juu ya majina yote, ulikuwa mtupu siku zote. Akaandika hapo Robi Nyangwine, akamwekea alama ya aliyehudhuria. Akashuka mpaka kwenye kisanduku, akaandika: 24.

"Hiyo si hesabu yao," alimwambia mwalimu polepole. "Anayetega sikio asikie ishirini na nne. Akija kuwatafuta, hesabu itampotea."

Mwalimu Sabaha alikuwa ametuhesabu mara mbili siku ile. Alitutazama tena, safari hii bila kidole, kuanzia mlangoni hadi kwenye kona yenye giza.

"Wametimia, mama," alisema, akatia saini.