Mate Aliyotema Mama

Nilipokuwa mtoto, watu wa kijiji chetu waliamini kwamba titi la mama anayenyonyesha hufungwa na jicho na kufunguliwa na mate. Walikuwa watu wa kanisa. Walizijua nyimbo zote bila kitabu, na mhubiri alipouliza ni nani ameacha mambo ya zamani, mikono yote iliinuka. Lakini titi likigeuka jiwe, hakuna aliyekwenda kwa mhubiri. Waliulizana ni nani amelitazama.

Nayaandika haya kwa sababu mama yangu amefariki. Katika mazishi yake watu walisema mengi mazuri, na hakuna hata mmoja aliyelitaja jambo hili. Waliolijua walikuwapo. Waliketi, wakala wali, wakapangusa midomo, wakanyamaza.

Tuliishi nje kidogo ya Sultan Hamud, mwaka mmoja au miwili baada ya Uhuru. Baba alikuwa kibarua wa reli, akitengeneza njia huko chini kuelekea Kiboko, na tulimwona mwisho wa mwezi. Mama alikuwa ameolewa kutoka Ikutha, upande wa Kitui. Kwetu Makueni, ukisema umetoka Kitui, watu hucheka kwanza, halafu husogea kando kidogo. Husema huko ndiko dawa zinakopikwa. Mama hakupika dawa yoyote. Alikulia nyuma ya mbuzi wa baba yake, na alichokijua alikijua kwa mbuzi.

Jumapili moja, baada ya ibada, wanawake walikuwa wameketi kivulini kando ya kanisa. Mumbua, mke wa kijana wa jirani yetu, alikuwa akimnyonyesha mtoto wake wa kwanza, ambaye hakuwa hata na miezi miwili. Mama alimtazama kwa muda. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida, kila mtu akasikia:

"Mumbua, hilo la kushoto mtoto halimalizi. Uwe unampa hilo kwanza, litakusumbua."

Ni hayo tu. Mumbua akashukuru, akavuta leso. Lakini mama mkwe wake aliacha kuzungumza. Jina lake lilikuwa Syokau, nasi watoto tulimwita Susu, yaani nyanya. Alivaa kitambaa cheupe kichwani, kilichopigwa pasi hadi kikasimama chenyewe, na kanisani alikuwa na mahali pake mbele, ambapo mtu mwingine hakuthubutu kukaa. Kwa imani yao, ukilitazama titi lenye maziwa na kulisema, ni lazima uteme mate kidogo ili kuonyesha kwamba huna nia mbaya. Mama hakutema. Alikuwa ametoa shauri, naye hakujua kwamba shauri linahitaji mate.

Kufikia Jumatatu titi la kushoto la Mumbua lilikuwa limeziba kabisa. Aliyeona moshi ndiye aliyesemwa kuwa amewasha moto.

Nitaeleza walichofanya wenye hekima wa nyumba ile. Kwanza, Susu Syokau alikataza mtoto asinyonye upande huo, kwa kuwa maziwa yaliyotazamwa yangemdhuru. Mtu yeyote aliyefuga hata mbuzi mmoja anajua kwamba kiwele kilichojaa kisipokamuliwa hujaa zaidi. Susu alikuwa na mbuzi wengi kuliko sisi sote. Alilijua jambo hilo zizini, akakataa kulijua nyumbani kwa mwanawe. Halafu wakamfunga Mumbua kifua kwa kitambaa, wakakaza. Mtoto akawa analia kutwa, na Mumbua akashikwa na homa.

Susu alikuja kwetu Jumatano mchana. Mama alikuwa uani akipepeta mbaazi.

"Mama Nduku," alisema, na Nduku ni mimi, "nimekuja kwa amani."

"Karibu kwa amani, Susu. Mumbua anaendeleaje?"

"Wewe ndiye unajua anavyoendelea."

Mama akaweka uteo chini.

"Sikuja kugombana," Susu akasema. "Njoo umtemee mate, mambo yaishe. Hakuna atakayekuuliza kitu."

"Mimi ni mtu wa kanisa."

"Hata mimi ni wa kanisa. Kanisa ni Jumapili. Leo ni Jumatano."

Nimewasikia wahubiri wengi tangu siku ile, na sijasikia dini ya watu wetu ikielezwa wazi kuliko hivyo.

"Sitatema," mama akasema. "Lakini nitakuja."

Mtego wenyewe hata mimi mtoto niliuelewa. Akitema, atakuwa amekiri kwamba ni mtu wa jicho, tena wa Kitui, na jina la namna hiyo mtu huzikwa nalo. Akikataa kwenda, titi la Mumbua litatunga usaha, na mtoto atakosa maziwa. Mama alinishika mkono twende wote. Nadhani hakutaka nibaki peke yangu nikisikiliza majirani.

Mumbua alikuwa ameketi kitandani, anatetemeka. Mama alikifungua kile kitambaa kwanza, akakitupa pembeni. Titi lilikuwa linang'aa kama limepakwa mafuta, na upande wa kwapa palikuwa na bonge gumu, kubwa kama ndimu. Mama akaomba maji ya moto. Akalowesha kitambaa safi, akakikamua, akakijaribu juu ya mkono wake mwenyewe, ndipo akakiweka juu ya bonge. Kikipoa, alirudia. Kisha akachukua mafuta kidogo ya kupikia, akaanza kupapasa kutoka kwenye bonge kuelekea chuchu, polepole, bila kukandamiza. Alimwomba Mumbua mtoto, akamlaza ubavuni mwa mama yake, miguu ikielekea mgongoni, kidevu kikielekea kwenye bonge.

"Kidevu ndicho kinachovuta," alisema. "Kwetu hata mwanambuzi tunamgeuza."

"Sasa sisi tumekuwa mbuzi," Susu akawaambia wanawake waliojaa mlangoni, nao wakacheka.

"Mbuzi ana afadhali," mama akasema bila kugeuka. "Hakuna anayekataza asikamuliwe."

Lakini maziwa hayakushuka. Mtoto alivuta, akaachia, akalia. Mama akarudia maji, akarudia mafuta, akamrudisha mtoto. Hakuna kitu. Mumbua alikuwa amekaza mabega hadi karibu na masikio. Hapo nikaona mahali macho yake yalipokuwa. Hakuwa akimtazama mtoto, wala titi. Alikuwa akiutazama mdomo wa mama yangu. Alikuwa akingoja.

Mama pia aliona. Akaacha kupapasa.

"Unaogopa nini, Mumbua?"

"Siogopi, mama." Machozi yakamtoka. "Wamesema bila mate halifunguki. Wamesema nikipelekwa hospitali litakatwa."

Mama akafumba macho kidogo. Sikuwahi kumwuliza kama aliomba. Kisha akainama, akatema mate madogo juu ya titi lile, akayasambaza kwa kidole.

Mumbua akashusha pumzi. Mabega yakateremka. Kabla mama hajaondoa mkono, uzi wa maziwa ukatoka, mzito, wa manjano, halafu mwingine mweupe, mwembamba. Mtoto akashika. Wote mle ndani tukamsikia akimeza.

Susu Syokau akageukia mlangoni. "Amemwachia," akasema, na neno hilo likapokelewa nje, likaenda nyumba kwa nyumba kabla sisi hatujavaa viatu.

Njiani nililia kwa hasira. Nilikuwa mtoto wa shule ya Jumapili, nilikuwa nimefundishwa, na mama yangu alikuwa amefanya tendo la kipagani mbele ya watu.

"Mama, umefanya kama wao."

"Maziwa hayashuki kwa mtu mwenye hofu, Nduku. Hata mbuzi akisikia fisi hatoi."

"Sasa watasema ulikuwa wewe."

"Walishasema."

Nikamtangulia mpaka nyumbani. Nilimdharau. Nilikuwa na miaka tisa, na dharau ya mtoto wa miaka tisa aliyekariri mafundisho haina huruma. Niliwadharau wale kwa ujinga wao, na mama kwa kuinamia ujinga wao.

Wiki haikuisha kabla mzee wa kanisa hajafika kwetu. Aliitwa Mzee Yona, mtu wa koti jeusi hata wakati wa joto. Alisema amepokea mashtaka kwamba mama ametumia mate kama waganga. Aliyempelekea habari alikuwa Susu Syokau. Ndiyo. Aliyeyaagiza mate ndiye aliyeyashtaki. Jumapili iliyofuata mama akawekwa benchi la nyuma, akanyimwa meza ya Bwana, na Susu akaketi mbele na kitambaa chake kikiwa kimesimama.

Na wale wanawake waliocheka mlangoni? Walikuja kwetu. Titi la mmoja likiziba, alipita njia ya nyuma, katikati ya shamba la mbaazi, leso imemfunika hadi pua. Mama alimwekea maji ya moto, akampapasa, akamgeuza mtoto. Na kila mmoja, mambo yote yakiisha kufanywa, alibaki ameukodolea macho mdomo wa mama. Mama akatema. Jumapili mwanamke huyohuyo alipita kando ya benchi la nyuma akisoma kitabu cha nyimbo kana kwamba ni mara yake ya kwanza kukiona. Bwana mwenyewe alitema mate chini, akampaka kipofu machoni. Niliwahi kuwaza, wazee wetu wangekuwapo siku hiyo, wangemweka benchi gani.

Karibu na Krismasi Mzee Yona alimwambia mama asimame mbele ya kanisa aungame, ili arudishwe. Mumbua alikuwapo, mtoto wake mapajani, amenenepa mashavu.

Mama akasimama palepale nyuma.

"Nilitema mate kwenye titi la Mumbua," akasema. "Mtoto akanyonya."

Mzee Yona alingoja. Kanisa lote liligeuza shingo.

"Na je, unatubu?"

"Natubu. Nilisikia Jumatatu kwamba Mumbua anaumwa. Nilijua la kufanya. Nikaogopa maneno ya watu, nikakaa nyumbani siku mbili na mbaazi zangu. Mtoto akalia siku mbili kwa sababu yangu. Hilo ndilo ninalotubu."

Akaketi.

Mzee Yona alifunua karatasi zake, akazifunika, halafu akatangaza wimbo. Hakumrudisha, wala hakumwita tena. Miaka ikapita, wazee wengine wakachaguliwa, wakamwambia mama asogee mbele. Aliwaambia amezoea kule nyuma, kuna upepo.

Nimewadharau watu wale zaidi ya miaka thelathini. Najua ni dhambi. Nimeiombea, tena kwa kufunga, na haijaondoka. Nikiona kitambaa cheupe kilichopigwa pasi mpaka leo, mimi hugeuza uso. Mama hakuwa na dharau hiyo, na kwa muda mrefu nilifikiri kwamba hakuwa nayo kwa sababu hakuona jinsi watu wale walivyokuwa. Aliona. Aliona kabla yangu, kwa sababu ndiye aliyewashika kifuani na kuhisi walivyotetemeka.

Miezi miwili baada ya kumzika, binti yangu Mwende alijifungua, akaja kwangu apumzike. Mwende ni mwalimu. Siku ya kumi titi lake la kulia likaziba. Nikachemsha maji, nikafanya kama nilivyomwona mama akifanya, kitambaa, mafuta, kupapasa, kidevu kwenye bonge. Mtoto akavuta, akaachia.

"Mama," Mwende akasema, "kuna gazeti la akina mama nilisoma. Wanasema uweke jani la kabichi, liwe baridi."

Nilimtazama. Nilimsomesha hadi chuo cha ualimu, naye ameniletea kabichi.

"Kabichi ni ya kuliwa na ugali," nikamwambia.

Hakucheka. "Wameandika, mama. Wenzangu wa shuleni walifanya hivyo. Bila hilo litakuwa jipu." Mabega yake yalikuwa juu, na macho yake yalikuwa mlangoni, kana kwamba kabichi ingeweza kuingia yenyewe.

Nilikaa hapo na mikono yangu imejaa mafuta. Maneno niliyokuwa nayo mdomoni yalikuwa makali, na yalikuwa ya kweli, na hayangeshusha hata tone. Nikanawa. Nikachukua kikapu, nikatembea hadi sokoni na jua la saa saba kichwani, nikanunua kabichi, nikarudi. Nikabandua jani, nikalitumbukiza katika maji ya mtungi mpaka likapoa, nikaliweka juu ya titi la mwanangu kwa mikono miwili, na kwa uso wa mtu anayeamini.

Akashusha pumzi. Baada ya muda nikaliondoa jani, nikamrudisha mtoto, kidevu kwenye bonge. Akashika, akaanza kumeza.

"Unaona, mama," Mwende akasema, akiwa amefumba macho. "Ni kabichi."

"Ni kabichi," nikasema.