Walichangia Picha Yangu, Kwenye Msiba Wangu Hawakuja

Admin, salamu kwako na kwa wote wanaopita hapa. Jina langu baki nalo wewe. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mbili, mtu wa Singida, naishi peke yangu Gaithersburg, Maryland, huku Marekani. Sina mtoto. Mume nilikuwa naye, akasema hawezi kuishi na mwanamke anayekunja nguo kama yuko kambini, akahamia Texas. Na kambini kweli nilikuwako. Nilitumikia jeshi la Marekani, dereva wa lori, msicheke. Lori likapinduka mazoezini, goti langu la kulia likaishia hapo. Pensheni ipo, silali njaa. Shida yangu ni watu.

Kuna shirika moja huku linalojiita la kututetea sisi maveterani, yaani wanajeshi tuliostaafu. Wanachangisha kwa barua nchi nzima, na uchaguzi ukikaribia wanarusha matangazo kwenye TV kwamba mbunge huyu anatupenda, yule ametusahau. Dada wao mmoja, nitamwita Keli, alikuja kwangu na mpiga picha. Wakanikalisha kitandani, niangalie dirishani. Nikauliza, "Nisicheke hata kidogo?" Akasema, "Hapana mpenzi, hivyo hivyo ulivyo." Tangu hapo akawa ananipigia kila Ijumaa. Nimekula nini, nimelalaje, goti linasemaje. Jamani, kaeni peke yenu nchi hii ndipo mtajua utamu wa simu isiyodai bili. Nilikuwa naoga na kuvaa vizuri kabla hajapiga, na wala hanioni.

Siku moja barua yao ikanifikia hata mimi. Bahasha ina stika za bendera, ndani ni ile picha yangu, nimenuna kwa rangi zote, na maneno makubwa: "Rafiki mpendwa, je, utamwacha peke yake?" Naombwa nijichangie mwenyewe! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kanisani tunakosali Waswahili wa kila nchi, ikawa ndiyo habari. Mama Kendi, nesi Mkenya ninayekaa naye benchi moja, akanishika mkono. "Wewe siku hizi ni celebrity! Nilituma twenty dollars ya hiyo goti yako. Hata watu wa choir wametuma." Nilimshukuru. Niliona fahari, sitawaficha.

Mwaka huu mama yangu akafariki Singida. Nilikuwa nimetoka kupasuliwa goti, daktari akanikataza kupanda ndege. Mnajua desturi yetu huku, mtu akifiwa hata kama maiti iko nyumbani Afrika, watu hujaa kwake jioni, chakula kinakuja, nyimbo zinaimbwa, mchango unapita. Nikakodi viti, nikachemsha chai sufuria kubwa. Kwenye grupu la WhatsApp pole zilimiminika. Mlangoni alikuja Mama Kendi peke yake, na chapati kwenye foili, bado amevaa nguo za hospitali. Tukaimba wawili. Nikamuuliza wengine wako wapi.

Akaangalia zulia. "Watu walisema uko na ile organization yako, umeshasortiwa, hukosi kitu. Ati hata tukikuja tutapata nyumba imejaa wazungu."

Viti vilibaki vimekunjwa ukutani mpaka wenyewe wakaja kuvichukua. Mama yangu amezikwa, na mimi nilimlilia nikitazama ukuta.

Ijumaa Keli alipopiga nilimweleza, nikamuuliza kama shirika lingeweza kuleta watu japo wawili wakae na mimi. Akasema, "Pole sana, mpenzi. Lakini sisi hatusaidii mtu mmoja mmoja. Fedha zinakwenda kwenye barua, matangazo na kuonana na wabunge." Akatuma maua. Mazuri, siwezi kuyasema vibaya.

Kisha wakanialika kwenye chakula chao cha usiku hotelini Alexandria, ile ya huku Marekani, niseme machache. Nikasema, kwetu mkishachanga, siku ya kuvunja kamati mweka hazina husimama akasoma mapato na matumizi mbele ya wote, hata gunia la mkaa linatajwa. Nikasema, "Kanisani kwangu wametuma kwa ajili ya goti langu. Naomba na sisi leo tusomewe." Sikuwa natania. Ukumbi mzima ukacheka, wakasimama wakapiga makofi. Mzee mmoja alifuta machozi, akaandika hundi pale pale mezani. Keli akanikumbatia akisema nimekuwa mtamu mno. Nikakaa, nikala nyama yangu.

Sasa uchaguzi unakaribia. Wanataka maneno yale yale ya mkaa niyaseme kwenye tangazo la TV, ila nimuulize mbunge wasiyemtaka, yeye ndiye asome mapato na matumizi. Nilipokataa, Keli hakupiga Ijumaa mbili. Jana kaandika: "Tunakumiss. Fikiria tena." Nimeisoma hiyo meseji mara nyingi kuliko inavyostahili.

Nikikubali, watu wetu wataniona kwenye TV na kuzidi kuamini kwamba nina watu. Nikikataa, simu yangu imekufa. Nikisimama kanisani niseme ile ishirini ya Mama Kendi haikufika kwenye goti, wapo watakaosema nimeila mimi, maana sura kwenye barua ni yangu. Na Mama Kendi ndiye pekee aliyekuja. Naogopa kumpoteza na yeye.

Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Msiniambie nimwombe Mungu, huyo tunaongea kila siku. Na kama uko Maryland, ukaona barua ile juu ya friji yako, mwanamke anaangalia dirishani, ni mimi. Nilikuwa naangalia maegesho, kama kuna gari linaingia.