Mgeni wa Getini

Askari wa chuo chetu hawakuwa watu wabaya, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Wangekuwa wabaya ningewatukana nikapumua. Chuo kilikuwa nje ya mji, kupita Temeke, enzi za Mwingereza, na mie nilikuwa karani wake. Baiskeli ikiibiwa, askari waliifuata hadi Buguruni wakarudi nayo. Wake zetu wakigombana bombani, koplo aliwapanga foleni kama yuko kwenye kwata, na wakatii. Lakini ukigusa kitabu cha wageni, huwawezi. Anayeingia ataje jina la mwenyeji wake, na mwenyeji awe kwenye orodha ya wafanyakazi. Asipotaja, haingii. Sheria hiyo niliipiga chapa mwenyewe, na orodha pia. Wake zetu hawakuwemo. Nani angekumbuka kuwaandika?

Mwaka huo mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Ya kwanza ilikuwa imetoka, kwa hiyo hii aliibeba kwa hofu. Alichotaka ni kimoja tu: mama yake atoke kwetu bara, aje awe naye siku ya kujifungua. Nikampelekea mama mkwe barua. Wiki mbili nzima, mke wangu akisikia sauti barazani anatoka mbio, na tumbo lile! Nikawa namkemea.

Jumamosi moja mchana narudi na baiskeli kutoka posta, koplo akanisimamisha getini, jasho linamtiririka.

"Bwana karani, hebu nisaidie. Mama yule tangu asubuhi anasema anakwenda kwa binti yake. Ananitajia jina la binti, mie simjui. Nikimuuliza ameolewa na nani, anafunga mdomo! Nimembembeleza, nimempa maji, wapi!"

Nikatazama. Mwanamke amekaa chini kando ya kibanda na furushi lake. Aliponiona tu, akajitanda kanga uso mzima, akanipa mgongo. Nikaona huyu naye ana dharau. Nilikuwa na njaa, na jua linachoma.

"Kama hasemi, si mgeni," nikasema. "Muondoe."

Nyumbani nikavua viatu, nikaanza kula huku namsimulia mke wangu, nacheka. Ati mtu mzima anakataa kutaja mwenyeji wake! Tena kuniona tu, kanigeuzia mgongo!

Mke wangu akaweka upawa chini. "Alijifunika uso?"

Hapo nikarudisha tonge sahanini. Kwetu sie, mama hamtaji mkwewe jina, wala hamwoneshi uso. Wakikutana njiani, mama anapinda. Hata siku ya harusi yetu nilimwona mgongo tu. Mjinga mie! Mila hiyo nimezaliwa nayo, halafu nikapita mbele yake na baiskeli yangu kama sina kwetu.

Tukakimbia getini, yeye mbele na tumbo lake, mie nyuma miguu mitupu. Koplo akanipigia saluti, kafurahi kweli.

"Tumemaliza, bwana karani. Na kwa heshima zote. Nimemsimamishia lori la mchanga limpeleke stesheni. Hata furushi nimempakilia mwenyewe."

Nilimfokea koplo wa watu mpaka sauti ikakauka. Akabaki wima, ananisikiliza.

"Si ulisema nimuondoe?" akauliza mwishowe, na wala hakuwa ananikejeli.

Mke wangu hakupiga kelele. Lori jingine lilikuwa linakuja, akamwomba koplo amsimamishie na yeye. Nikamwambia tutakwenda wote, asubiri nivae viatu. Hakugeuka. Koplo akalisimamisha lori, kisha, maskini, akafungua kitabu chake, maana asiyekuwa kwenye orodha huandikwa hata akitoka.

"Mama, humu ndani ulikuwa kwa nani?"

Mke wangu akanitazama usoni.

"Sikuwa na mtu," akasema, na koplo akaandika.