Asilimia Themanini na Nane

Lubumbashi, alikozaliwa Célestine, mtu aliyemaliza shule haulizwi alisoma nini. Anaulizwa alipata ngapi. Asilimia ya mtihani wa dola, ule wa kumaliza sekondari, humfuata mtu mpaka kwenye posa na mpaka kwenye matanga. Watu watasahau marehemu alizaa watoto wangapi, lakini watakumbuka kwamba alipata sitini na nne. Célestine mwenyewe alipata hamsini na mbili katika ushonaji. Siku matokeo yalipotoka majirani walimmwagia poda kichwani, kama ilivyo desturi ya kwao, akautembea mtaa mzima mweupe kama aliyetoka kinuni kusaga unga. Mpaka leo husema kwamba siku hiyo ndiyo aliyojiona mtu.

Johannesburg alikuja na mumewe Marcellin, binti yao Benita akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Marcellin alifungua spaza Diepsloot, kijiduka cha mikate na sabuni, akawa analala humo humo kukilinda na kurudi nyumbani Jumapili tu. Célestine alipanga vyumba viwili mtaa wa La Rochelle, cha mbele akakifanya saluni. Saluni ndiyo iliyolipa kodi ya nyumba, na wateja wa kusuka, asikudanganye mtu, ni wa Jumamosi.

Benita alitaka kuwa mfamasia, na halikuwa jambo la juzi. Tangu yu mdogo, akina mama wa kanisani walimletea dawa walizopewa kliniki ili awasomee maelezo ya Kiingereza, naye aliyasoma mara mbili, kisha akawauliza kwa ukali kama wamekula. Wakambandika jina, Mama Farmasi. Célestine alilipenda jina hilo kuliko lile alilompa mwenyewe.

Mwishoni mwa mwaka 2016, Benita akiwa anakaribia matriki, yaani darasa la mwisho, shule iliita wazazi kupanga masomo ya mwaka unaofuata. Célestine alikwenda na kitambaa kimefungwa mkononi. Kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa kimevimba tangu baridi. Daktari alisema ni kusuka, akamwambia apumzike, na Célestine akacheka kwa adabu. Tangu hapo aliyesuka kila Jumamosi ni Benita.

Mwalimu wa hesabu alikuwa mama mwembamba, mpole. Alizungumza Kiingereza, na Célestine, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha bei na nywele, akamtazama bintiye. Ndivyo walivyoishi siku zote. Benki, kliniki, kwenye foleni ya vibali, mtoto ndiye aliyekuwa mdomo wa mama yake.

Mwalimu alisema maneno mengi. Aligusa alama za Benita kwa kidole, akahesabu siku, Jumatatu, Jumatano, Jumamosi, akamtazama msichana kwa macho ya kusihi. Alipomaliza, Benita alimgeukia mama yake.

"Anasema kuna hesabu mbili. Hii ninayosoma ni ngumu, niko na hamsini na nne. Halafu kuna Maths Lit, hesabu za maisha, mikopo, ramani, bei za vitu. Nikienda kule napata hata themanini. Na ratiba haitanibana."

"Yeye mwenyewe anaona nini?"

"Anasema tuchague."

Célestine aliona kwamba mwalimu amesema mengi na binti ameleta machache. Lakini Kiingereza ndivyo kilivyo, alijiambia, lugha ya kuzunguka mbuyu. Tena kati ya hamsini na nne na themanini, mtu wa Lubumbashi haombi muda wa kufikiri.

"Themanini," alisema. "Mutoto anaacha themanini anaenda kuokota hamsini, iko na akili huyo?"

Benita akatafsiri. Mwalimu alimuuliza kitu tena, taratibu, akimtazama yeye peke yake. Benita akatikisa kichwa. Yule mama akakusanya karatasi zake, akampa Célestine mkono, na Célestine akautoa wa kushoto.

Mwaka wa matriki ulikuwa mzuri, na uchungu wake uko hapo hapo. Benita alikwenda shule, alirudi, aliimba kwaya Jumapili, hakukonda kama watoto wa watu wengine. Kufikia Pasaka mkono wa Célestine ulikuwa umepona kabisa. Akamwambia binti sasa akae na vitabu vyake Jumamosi, wateja atawamaliza mwenyewe. Benita akajibu kwamba hana cha kusoma, hesabu zenyewe nyepesi, akaendelea kusuka. Célestine akamsifu kwa kila aliyeketi kwenye kiti. Alipouliza habari za chuo, alijibiwa kwamba majibu yatakuja, naye akaridhika, kwa kuwa mtoto mwenye alama nzuri hapigiwi kelele.

Januari matokeo yakatoka. Hesabu, themanini na nane.

Marcellin alifunga duka, jambo ambalo hakulifanya hata Krismasi. Célestine alinunua poda ya watoto chupa mbili, akamvuta Benita nje hadi kando ya barabara, akammwagia kichwani, mabegani, mgongoni. Majirani wa Kizulu walitoka kushangaa msichana mkubwa anayepakwa poda kama kichanga, na Célestine akawaeleza kwa mikono na kwa kicheko, na mmoja wao akapiga vigelegele. Marcellin akacheza peke yake bila muziki. Katikati yao Benita alisimama mweupe, machozi yakimchora mistari miwili mashavuni.

"Lia, mwanangu," Célestine alimwambia. "Hata mi nililia."

Wiki iliyofuata alikuja Kidawa, mama wa Tanga anayeuza vitambaa Fordsburg, mteja wake wa miaka mingi. Binti yake Samira alisoma darasa moja na Benita. Célestine alifunga mlango na kushusha pazia, maana Kidawa havui ushungi mlango ukiwa wazi, akamtuma Benita dukani kununua nywele za kuongezea. Halafu, akijua kabisa jibu halitazifikia alama za Benita, akauliza.

"Samira naye alipata ngapi ya hesabu?"

"Sitini na moja."

"Pole, Mama Samira." Alisema kwa moyo wake wote. "Atarudia?"

Kidawa akacheka. "Arudie nini, Mama Benita? Chuo keshapata. Ufamasia. Mwezi ujao anaanza, inshallah."

Mikono ya Célestine ikasimama kichwani mwa mwenzake. "Na sitini na moja?"

"Walitaka sitini ya ile hesabu yenyewe, basi. Ile Maths Lit hata ukipata mia, kwenye ufamasia hawakutazami. Si mwalimu alituambia kila mzazi kwenye kile kikao? Alivyosisitiza yule mama, mpaka nikamwonea huruma." Kidawa akageuza shingo. "Mama Benita? Nimesema nini?"

"Hapana, haiko kitu. Inamisha kichwa."

Alimsuka mpaka mwisho. Nywele zilinyooka, mistari ilikaa sawa, mikono ilijua kazi yake bila yeye. Lakini ndani alikuwa amerudi kwenye kiti kile cha shule, akimwona mwalimu anahesabu siku kwa vidole, akimsikia anataja Jumamosi, neno la Kiingereza ambalo hata yeye alilijua. Alilisikia na hakuuliza.

Kidawa alipoondoka, Benita alikuwa amekwisha kurudi na anafagia.

"Mwalimu alisema nini siku ile?"

Benita aliegemeza ufagio ukutani. Hakujifanya hajui ni siku gani. Laiti angejifanya.

"Alisema nikiacha ile hesabu, farmasi imefungwa. Alisema nikija Jumamosi, na mchana mara mbili kwa wiki, nitafika sitini. Alisema ana hakika."

"Na chuo? Yale majibu?"

"Sikuomba, mama. Ningeomba nini?"

Célestine alikaa kwenye kiti cha wateja. "We ukaniambia themanini."

"Nilijua ukisikia themanini hautauliza tena."

Maneno hayo aliyasema bila ukali wowote, na ndiyo yaliyomkata mama yake. Binti alimjua vizuri mno.

"Mukono ilipona, Benita. Pasaka ilikuwa imeshapona."

"Pasaka mi nilikuwa nimechelewa. Hawaruhusu kurudi."

"Ungeniambia. Unafikiri ningekataa?"

"Hapana," Benita alisema. "Ungekubali. Ungesuka na ule mukono mpaka ukatike. Njo maana sikusema."

Célestine alisema watatafuta njia, ataanza ile hesabu upya, kuna shule za jioni. Benita akajibu, "Labda," kwa sauti ileile ambayo zamani aliwaulizia wale mama wa kanisani kama wamekula, ila ukali wake ulikuwa umekwisha.

Mlango ukagongwa. Alikuwa mteja wa kupunguzwa nywele na kunyolewa kisogo. Benita alimkaribisha, akamfunga kitambaa shingoni, akafanya kazi yake vizuri kama kawaida. Alipomaliza alinyoosha mkono rafuni, akachukua chupa ya poda iliyobaki nusu tangu ile siku, akamnyunyizia yule mwanamke shingoni na kumpangusa vinywele.

Célestine aliutazama mkono wake wa kulia, mzima, usiouma popote, akaona afadhali ungekatika.